Wauguzi Kumi na Wawili

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ile miguu uliyokuwa ukiilalamikia kwenye simu imepungua kuvimba. Kama bado, nakuomba uvae vile viatu vya soli nene nilivyokutumia, uache kuona haya. Najua ulisema vinakufanya uonekane kama askari wa zamu. Bora uonekane askari lakini utembee. Huku sisi hatujambo, mimi na mwanao. Kifua changu kimetulia, na bati lililokuwa linavuja juu ya jiko limezibwa. Yule fundi alituzungusha wiki tatu, halafu akaja akaimaliza kazi kwa dakika ishirini, bila hata aibu.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimeshika simu mara nne wiki hii nikaiweka chini. Nyumba yetu unaijua, ukuta wa kati ni wa mbao, nikisema neno chumbani mwanao analisikia sebuleni. Halafu wewe nawe, usinikasirikie, hukawii kumkatiza mtu, na haya ninayotaka kukuambia nikikatizwa katikati sitapata tena nguvu ya kuyaanza. Kwa hiyo tafuta mahali ukae, usome mpaka mwisho, ndipo unitukane.

Ni habari za Karani wetu. Unakumbuka marehemu baba alivyompa jina hilo. Mtoto wa miaka minne anahesabu vifungo vya shati la kila mgeni anayeingia, halafu anamtangazia mbele za watu kwamba kimoja kimekatika. Baba akasema huyu si mjukuu, huyu ni karani ametumwa kuja kutukagua. Na mpaka shule zilipofungwa hakukuwa na mwenzake wa kumfikia kwenye hesabu. Mimi mwalimu wa hesabu nilikuwa natembea kifua mbele kana kwamba nimemzaa mimi.

Barua yako kwake ilifika Jumatatu. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, begi la shule bado liko mgongoni. Alipomaliza akanipa na mimi niisome, kwa adabu, kwa mikono miwili. Uliandika kwamba umepata habari za alama thelathini na tisa katika mia, kwamba husimami wodini saa kumi na mbili kwa miguu iliyovimba ili yeye achezee shule, na kwamba akianguka tena kwenye mtihani wa marudio wa tarehe kumi na nne mwezi ujao, utamtoa akajifunze kushona. Sikulaumu dada. Kila neno ulilolitumia ulilipata kwangu. Mimi ndiye niliyekuambia amekuwa mvivu, kwamba akili yake ililala wakati wa korona na haijaamka mpaka leo. Nilikuambia hivyo mara tatu, na mara zote tatu ulinishukuru kwa kuwa mkweli.

Hakulia. Aliosha vyombo, akavipanga, akaja kukaa karibu yangu akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba hakuna haja ya kuhangaika na marudio, nimtafutie tu futi ya fundi cherehani aanze kuizoea. Dada, huyu ni mtoto ambaye tangu ana miaka sita anafunga bandeji miguu ya viti na kuviuliza vinaumwa wapi. Chuo cha uuguzi hakipokei mtu asiye na hesabu. Yeye anajua, mimi najua, na wewe unajua kuliko sisi wote. Alikuwa ananiambia kwamba ameacha. Nikamwambia akalale mapema.

Kesho yake nilimfuata mwalimu wake wa hesabu. Tunafundisha shule moja, mimi madarasa ya chini na yeye ya juu. Wanafunzi wanamwita Rula, kwa sababu hata akichora mstari wa kugawa ubao hakubali uende pembeni hata unywele. Nilimwomba karatasi ya mtihani ya Karani. Akanung'unika kwamba ameshazifungia kabatini, kwamba mwalimu naye akianza kudai karatasi za ndugu zake basi wazazi wote watapanga foleni, lakini akafungua. Nikakaa nayo katika chumba cha walimu, kwenye kile kiti chenye mguu mbovu ambacho hakuna anayekigombania.

Nimesahihisha karatasi miaka kumi na sita. Karatasi ya mvivu naijua hata ikiwa mbali. Ina maua yaliyochorwa pembeni, ina majibu yaliyotoka kwa jirani yasiyo na njia. Hii haikuwa hivyo. Swali la kwanza, njia yote ni sahihi, mstari kwa mstari, kwa mwandiko wake ule wa kujibana. Mstari wa mwisho ameweka alama ya sawasawa, na mbele yake peupe. Swali la pili, vilevile. Pembetatu, asilimia, mwendo wa treni, yote. Amepanda ngazi mpaka juu, amefika mlangoni, hakugonga. Rula ni mkali lakini hadhulumu. Alimpa alama ya njia kila alipostahili, na zile thelathini na tisa zote zilikuwa za njia. Alama ya jibu hakupata hata moja, kwa sababu hakuandika jibu hata moja. Maswali kumi na tisa, nilihesabu mara mbili. Nilimwuliza Rula kama aliliona hilo. Akasema aliliona, akadhani ni jeuri.

Jumamosi asubuhi tulikuwa uani tunaanika mashuka. Nilitoa kipande cha chaki mfukoni, maana wewe kuniita Chaki hukukosea, sina gauni lisilo na vumbi lake. Nikaandika kwenye sakafu ya saruji, ishirini na nne gawanya kwa nne, swali la mtoto wa darasa la tatu, nikamwomba anijibie. Akacheka kidogo, akainama, akaweka alama ya sawasawa. Halafu mkono ukaanza kutetemeka. Nikamwambia aandike tu, ni sita, mimi na yeye tunajua ni sita. Akanijibu kwamba kujua hakumsumbui, kinachomsumbua ni kuandika. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo na jua lilikuwa hata halijapanda. Chaki ikamkatikia mkononi.

Tukakaa chini palepale, katikati ya mashuka yanayotiririka maji, akaniambia. Lakini ili uelewe, inabidi nikurudishe kwenye ile miezi.

Wewe ulikuwa umefungiwa kwenye hosteli ya hospitali, miezi saba hukukanyaga nyumbani. Sisi tulikuwa humu kwenye vyumba viwili, ndoo ya maji na sabuni mlangoni, barakoa kwenye kamba kila siku. Meza ya kulia niliigeuza darasa, mwanafunzi mmoja, na kengele ilikuwa kijiko nikikigonga kwenye kikombe. Kila jioni tulikaa mbele ya redio kusikiliza namba. Walioambukizwa leo, waliopona, waliokufa. Roho zetu zilikuwa mkononi. Na mimi, kwa kiherehere changu cha ualimu, nikaona hapa kuna somo. Nikabandika karatasi kubwa ukutani, nikamchorea grafu, na kila taarifa ikiisha Karani anapanda kwenye kiti anaongeza nukta. Jirani akasema huyu mwalimu hata janga hawezi kuliacha lipite bila kulitolea mazoezi. Nikaona nimesifiwa.

Siku moja ulitupigia ukatuambia wodini mmebaki kumi na wawili, mnapokezana mpaka kiti cha kupumzikia. Kesho yake nilimpa Karani karatasi ya mazoezi yenye maswali saba. La saba lilikuwa hivi: Wodi moja ina wauguzi kumi na wawili. Kati ya kila wauguzi sita, mmoja hupatwa na ugonjwa. (a) Ni wauguzi wangapi watapatwa? (b) Ni wauguzi wangapi watabaki?

Kwenye (a) aliandika wawili. Nikaweka vema kwa kalamu nyekundu.

Wiki tatu baadaye, Jumapili, ukapiga simu, sauti yako imekauka. Ukatuambia wenzako wawili wamefariki, mmoja Alhamisi, mwingine asubuhi ileile, na huyo wa asubuhi ni Mama Soksi. Karani hajawahi kumwona kwa macho, lakini kila ulipokuja likizo ulimletea jozi ya soksi kutoka kwake, amezifuma mwenyewe, kwa sababu uliwahi kumwambia kwamba mwanao ana miguu baridi. Unakumbuka mtoto alikuuliza nini siku hiyo. Alikuuliza kama ni wawili tu. Ukamwambia ndiyo, wawili. Akasema basi, akanirudishia simu, akatoka nje. Ukaniambia kwa uchungu kwamba huyu mtoto moyo wake umekuwa jiwe, hata pole hana. Na mimi nikakubaliana nawe.

Dada, alitoka nje kwa sababu hakutaka tumwone uso. Haya ni maneno yake, aliyasema akiiangalia ile chaki iliyokatika.

"Mama mdogo, mimi nilifurahi. Jibu lilikuwa wawili, na wawili wameshatimia, kwa hiyo mama amebaki."

Kwa wiki zile tatu alikuwa akiomba kila siku hao wawili wasiwe wewe, wawe wengine, yeyote yule. Halafu mmoja wa hao wengine akawa Mama Soksi. Tangu siku hiyo anaona kwamba jibu aliliandika yeye na likawa kama alivyoliandika, na kwamba watu wale aliwachagua yeye. Anajua si kweli. Ni msichana wa miaka kumi na tano mwenye akili zake, ananieleza mwenyewe kwamba hesabu haiui mtu. Lakini mkono hausikii. Kila akifika kwenye alama ya sawasawa anaona kwamba akiandika namba, kuna mtu mahali fulani itamwangukia. Basi anaacha peupe ili watu wawe salama. Amewalinda watu hivyo karibu miaka miwili, na malipo yake ni sisi kumwita mvivu.

Zile soksi nilizokuwa namgombeza kwa kutozivaa nimezikuta chini kabisa ya sanduku lake, jozi nne, zimefungwa kwenye mfuko na hazijagusa sakafu.

Nilimwuliza kama naweza kukuandikia. Akasema niandike, kwa kuwa yeye hawezi, ila nisidanganye hata kidogo. Nilimwahidi, na ahadi hiyo inaniponza sasa, kwa sababu ningeweza kuishia hapo juu. Ningeonekana mwalimu aliyekosa busara siku moja, ukanisema kidogo, yakaisha. Lakini siyo hivyo ilivyokuwa.

Lile swali la saba sikulitunga ili kumfundisha. Jioni ile uliyotuambia mko kumi na wawili, baada ya redio, nilichukua bahasha iliyotumika nikaanza kupiga hesabu yako nyuma yake. Kumi na wawili, na redio imesema kila sita mmoja. Nikaandika, nikaweka alama ya sawasawa, nikashindwa. Nikaikunja bahasha. Nikaanza tena kwenye daftari la maandalio ya somo, nikashindwa. Mara tatu, dada. Mwalimu mzima wa hesabu, kumi na mbili gawanya kwa sita, nikaogopa kuandika mbili. Nilitaka kujua, lakini sikutaka mkono utakaoandika uwe wangu. Basi asubuhi nikalitunga vizuri kama swali la shule, nikasema wodi moja badala ya wodi yako, nikalificha mwisho kabisa baada ya maswali ya penseli na matangi ya maji, nikampa mtoto anihesabie.

Nilimwona alipolifikia. Aliacha kutikisa mguu. Aliinua uso akaniangalia, na mimi nikajitia natafuta ufutio. Alijua ni wodi yako. Na mimi nilijua kwamba amejua. Nikasubiri aandike, na alipoandika nikaweka vema, nikamwambia ahsante.

Halafu akaanza kuanguka hesabu, na kila uliponiuliza kuna nini nikakujibu uvivu. Nimejiuliza wiki nzima kama nilikuwa nimesahau. Sikusahau. Nilijisahaulisha, kwa sababu uvivu wake ulinifaa kuliko kosa langu. Hofu ilikuwa yangu. Uliniachia mtoto nimtunze, nikamtwisha hofu yangu, kisha nikamsema kwako kwa kuelemewa nayo. Mtu wa kulaumiwa katika barua yako ya Jumatatu nilikuwa mimi, na nilimwacha aisome akiwa amesimama mlangoni na begi mgongoni. Nisamehe dada. Kama huwezi sasa hivi, nitangoja.

Karatasi yenyewe nimeipata. Mimi situpi karatasi, unalijua hilo, hukosi kunisema kila ukifagia chini ya kitanda changu. Nimeiweka ndani ya bahasha hii. Utaiona vema yangu nyekundu mbele ya wawili. Sasa angalia chini yake. Kipengele (b) hakukijibu kabisa. Na mimi, ambaye mwanafunzi akiacha nafasi namwekea kosa kubwa la kuonekana mpaka kwa jirani, sikuandika kitu. Tuliishia wote wawili kwenye wale watakaopatwa. Habari za watakaobaki hakuna aliyeitaka, mwalimu wala mwanafunzi.

Jana alasiri niliiweka mezani mbele yake, nikamwambia kwanza kwamba mimi ndiye niliyeogopa, nikamweleza habari ya bahasha na mara zangu tatu. Alinisikiliza akinikazia macho. Akaniuliza kama kweli hata mimi nilishindwa kuandika mbili. Nikamwambia kweli. Akaivuta karatasi, akachukua penseli, na kwenye (b), baada ya miezi yote hiyo, akaandika kumi na mbili toa mbili. Akaweka alama ya sawasawa. Mimi nikaishika meza kwa mikono miwili. Akaiweka penseli chini, akanisogezea karatasi.

"Hii ajibu mama," akasema.

Utaiona penseli yake hapo, haijakolea. Nakuomba usiijaze huko. Ukipata ruhusa ya siku mbili tu kabla ya tarehe kumi na nne, njoo nayo. Kaa naye kwenye meza hii ya kulia, ijaze akiona, kwa mkono wako, na umwachie akutazame kadiri anavyotaka. Halafu umweleze habari za Mama Soksi, alikuwa mtu wa namna gani, alikuwa anacheka vipi, aliuguaje, maana wewe ulikuwepo, na kwetu sisi aliishia kuwa namba. La kushona naomba uliweke kando mpaka muonane. Sikuahidi kwamba atafaulu. Rula amekubali kumpa saa moja kila siku baada ya masomo, na amesema mwenyewe kwamba atamwachia aseme majibu kwa mdomo, yeye Rula ayaandike, mpaka mkono uzoee. Sikutegemea hilo kwa mtu yule, nikamwona mpya.

Nisikuchoshe. Karani anakuamkia, shikamoo mama, na anauliza miguu. Amenisimamia niandike kwamba amezitoa soksi jozi moja, ile ya buluu, ingawa bado hajaivaa, ameiweka tu kitandani. Jirani anakusalimu, na bado anakudai ufagio wake. Ulisema mwezi uliopita kwamba nafasi za wale wawili hazijajazwa mpaka leo, na kwamba hakuna mwingine aliyehama. Basi wasalimie wenzako wa wodini, mmoja mmoja, wote tisa. Muda wote huu sijawahi kukuuliza hali zao.

Ni mimi mdogo wako,

Chaki